Nilirudi kutoka Umra na Vijidudu Visivyosikia Dawa

Ikiwa umeambiwa kwamba mkojo wako umeota vijidudu visivyosikia dawa, na umerudi nyumbani hujui uanze kumwambia nani, kaa kitako nikupe yangu. Mimi si daktari. Nimefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli huko Diani mpaka nywele zikaingia mvi, na haya nisemayo nimeyajua kwa mwili wangu mwenyewe. Nimepona, alhamdulillahi. Sikupona haraka, wala sikupona kwa upole, kwa sababu upole haumo katika maumbile yangu na wauguzi walionihudumia watakuwa mashahidi.

Jina langu Mwanamisi, kwetu Msambweni. Mume wangu ni Mzee Bakari, na Mungu ametujaalia watoto wawili: Salim, dereva wa tuk-tuk Ukunda, na Mejumaa, aliyeolewa Shimoni. Mwaka niliostaafu watoto hao walinipeleka Umra. Majirani wakaja tukaombana radhi, kila mtu akanituma dua yake, nikafunga mizigo. Hofu yangu ilikuwa moja tu: tumbo.

Usicheke. Tangu usichana tumbo langu halistahamili maji ya ugenini. Nikialikwa harusi hata Tanga hapo, hurudi nimejishika. Basi nilikuwa nikijiona nimo ndani ya Haram, watu wamejaa mpaka pa kuweka mguu hapana, tumbo limechafuka, udhu umetenguka, vyoo viko nje huko mbali. Na dawa ya hofu hiyo niliijua kutoka kazini. Wageni wetu wengi walikuwa wakimeza antibiotiki kabla hata ya kuumwa, ili likizo yao isiishie chooni. Tulijua kwa sababu siku ya kuondoka walituachia vitu: kandambili, mafuta ya kujipaka juani, vitabu, na vidonge vilivyobaki. Tulivigawana vyote chumba cha kufulia. Mafuta yalikosa mwenyewe, lakini vidonge viligombewa. Tuliamini kabisa kwamba dawa ya mgeni ina nguvu kuliko ya kwetu.

Nikabeba vya mgeni, nikaongezea vya duka la dawa Ukunda, na kila siku ya safari, baada ya sala ya alfajiri, nikameza. Wageni walimeza wapate kuogelea, mimi nilimeza nipate kuswali. Tulipofika Madina tumbo lilisokota hata hivyo, nikazidisha. Nikarudi nyumbani najisifu mbele ya watu waliokuja kunywa zamzam na kula tende, kwamba udhu wangu haukutenguka ndani ya Haram hata mara moja. Hakuna aliyenikosoa. Wawili kati yao waliniuliza jina la dawa.

Alivyonieleza daktari baadaye ni hivi, na sitaingia ndani zaidi. Msafiri yeyote anaweza kuokota vijidudu sugu katika chakula au maji, na mara nyingi vijidudu wema, wenyeji wa tumboni mwake, huvibana visistawi. Mimi wenyeji hao nilikuwa nawaua kila asubuhi kwa vidonge. Vile sugu vikakuta nyumba tupu, vikahamia. Sikujua kwamba nimerudi navyo, kwa sababu vikiwa tumboni haviumi. Vinaanza kuuma siku vinapopata njia ya kwenda kwingine.

Kwangu mimi vilipata njia ya mkojo, mvua za vuli zilipoanza. Nikawa nakwenda chooni nikitoka narudi, na kila tone linachoma mpaka nauma leso. Nikapewa vidonge vya kwanza. Nikapata nafuu kidogo, moto ukarudi. Nikapewa vingine. Tulimaliza vuli hivyo, mimi na mabenchi ya hospitali.

Niseme kidogo juu ya mabenchi, maana wewe nawe utayakalia. Hakuna anayesimama foleni pale. Mtu wa mwanzo akiingia kwa daktari, wote mnasogea kwa makalio nafasi moja, benchi zima kwa pamoja, na ukiwa na maumivu ya kibofu kule kusogea ni adhabu. Nilijifunza kukaa ncha ya benchi, karibu na mlango wa choo, na kumwambia wa jirani yangu mapema, "Nikiinuka nishikie nafasi, mwanangu, nina shughuli na choo." Nilikuwa naona haya siku za mwanzo. Baadaye haya ziliniisha, na tangu hapo nikawa sipotezi nafasi yangu. Sema shida yako. Wenzako pale nao wana zao.

Jambo la pili: peleka mkojo wako uoteshwe maabara, ijulikane ni dawa ipi inayoviua vijidudu vyako. Mimi nilipewa karatasi ya kipimo hicho mapema nikaona ni usumbufu, majibu yake yanangojewa siku kadhaa, na mimi nilitaka dawa leo leo. Nilikifanya baada ya kuchoka. Majibu yalipotoka sikuwa na nguvu ya kwenda kuyachukua, kwa sababu homa ilikuwa imeniangusha.

Ilikuwa kaskazi, joto lile la kulala uani, na mimi nimejifunika blanketi mbili meno yanagongana. Kiuno upande wa kulia kilikuwa kama kimetiwa kabari. Mzee Bakari alisimama mlangoni akaniangalia.

"Mama Mejumaa, unatetemeka mpaka kitanda kinalia."

"Nifunike."

"Sikufuniki tena. Nimemwita Salim."

Salim alinipakia kwenye tuk-tuk yake, babake akanishikilia kwa nyuma, na kila shimo la barabarani nililijua kwa jina. Hospitali wakanilaza papo hapo. Vijidudu vilikuwa vimepanda kwenye figo na vimeingia kwenye damu. Wakaniwekea dripu, wakaniwekea na mpira wa mkojo wenye mfuko wa kuning'inia ubavuni mwa kitanda.

Muuguzi wa wadi alikuwa Sista Akoth, mtu wa bara, mrefu, mcheshi, asiyezunguka na maneno. Ndiye aliyekuja na majibu.

"Mama, hizi dawa umekuwa ukimeza, vijidudu vyako vinazikataa. Tumepima karibu zote."

"Imebaki ipi?"

"Imebaki ya sindano. Ya mshipa, mara tatu kwa kutwa, na hapa kwetu leo haiko. Kijana wako atatutafutia Mombasa."

"Na hiyo nayo ikikataliwa?"

Akanionyesha mstari wake kwenye karatasi. "Hiyo kwenye kipimo imefanya kazi, mama. Tuanze nayo."

"Basi nichomeni," nikamwambia. "Mkimaliza mkono huu kuna mwingine."

Salim akavuka feri na kurudi nayo siku ile ile.

Nilisema kwa jeuri, lakini nilikuwa naogopa. Na hofu yangu haikuwa kufa, au tuseme haikuwa kufa peke yake. Mejumaa alikuwa na mimba, ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mwana hurudi kwao kujifungua. Mama yake humkanda, humpikia uji wa pilipili manga, na humkogesha mtoto mpaka arobaini itoke. Mama yangu alinifanyia mimi. Nilikuwa nimeshatenga chumba, nimekunja na nguo kuukuu za kumfungia mtoto. Nikalala pale na sindano mkononi nikiwa na nia moja tu: mjukuu huyo nimpokee kwa mikono yangu.

Mwili ulinibadilika mpaka nikawa najistaajabia. Bangili zilikuwa zikinitoka zenyewe, nikampa Mzee Bakari aende nazo nyumbani. Mikono iliota madoa meusi kila palipochomwa, mishipa ikawa inajificha, Sista Akoth anaigonga kwa vidole akiibembeleza. Wali ulikuwa na ladha ya chuma. Nywele zilibaki kwenye mto. Haya yote yalirudi baadaye, isipokuwa nywele, ambazo zimerudi chache na zina kiburi.

Lililoniumiza kuliko sindano ni kitanda. Walinihamisha pembeni kabisa, karibu na dirisha, na kila anayenihudumia akavaa aproni na glavu, akinawa akija na akinawa akienda. Walinieleza kwamba ni kuwakinga wagonjwa wengine. Nilielewa kwa kichwa, lakini moyoni nilijiona najisi. Mimi, mfua mashuka ya watu, mashuka yangu yanachukuliwa kwa kushikwa pembe.

Nikaacha kuswali. Ningeswali vipi, na mkojo unanichuruzika mfukoni kila dakika? Kaka yangu Juma, maalim wa madrasa, alipokuja kunitazama akaniuliza kama ninaswali kwa kukaa au kwa kulala. Nikamwonyesha mfuko. Akauangalia, akavuta kiti.

"Dada, wewe ni mwenye udhuru. Wakati ukiingia, tawadha, uswali. Kinachotoka bila hiari yako hakikudhuru kitu."

"Na mpira huu?"

"Na mpira huo."

"Na ningelikuwa kule Makka tumbo limenivunjika?"

"Ungelitoka, ukatawadha tena, ukarudi. Na lingelikuzidi ungelikuwa mwenye udhuru kama leo. Kwani uliambiwa nini?"

Sikuwa nimeambiwa kitu. Sikuuliza. Siku hiyo nililia kuliko siku ya homa, na Juma akaniacha nilie. Ruhusa ilikuwepo miaka yote, na mimi nikaenda kote kule nikijikinga kwa vidonge na jambo ambalo Mola wangu alishanisamehe. Nikaswali adhuhuri nimelala, mfuko unaning'inia. Aliyenimiminia maji ya udhu siku zile ni jirani wa kitanda cha pili, Mama Mutua, mkulima Mkamba kutoka upande wa Lunga Lunga, Mkristo, aliyekuja kutibiwa mguu. Wakati ukiingia husikia adhana kabla yangu, akachukua kopo na beseni akaja anachechemea. "Haya, toa mikono," husema. Akimaliza ananawa kwa sabuni kama alivyofundishwa na Sista, na mazungumzo yetu ya kunde na nguruwe mwitu wanaozila shambani kwake yanaendelea. Sijapata kuona fadhila iliyotolewa kwa wepesi kuliko ile.

Homa ilivunjika. Sindano ziliendelea. Ndipo mama mkwe wa Mejumaa, Bi Riziki, alipokuja kutoka Shimoni na chupa ya uji. Ni mwanamke mwema, mchuuzi wa samaki, mwenye sauti ya mnadani hata akinong'ona. Aliona aproni, akaona glavu. Akauliza ni za nini, akaambiwa nikiwa nasikia. Uji aliuweka kwenye kabati, hakuketi kitandani.

Haikuchukua muda Mejumaa akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Mama, huku wanasema… wanasema heri nijifungulie huku huku."

"Wanasema wao. Wewe wasemaje?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Si kwamba nakuona mchafu, mama."

Nikamwambia nimesikia, alale mapema, asinyanyue ndoo. Nikakata simu, nikageukia dirisha. Angegoma mama mkwe wake peke yake, ningepambana naye. Huyu alikuwa mwanangu mwenyewe, na hofu yake ilikuwa ya mama. Nilikasirika, tena sana, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Daktari alipopita, binti mdogo umri wa Mejumaa, nilimshika kwa maneno asiondoke.

"Mwanangu, niambie kweli. Naweza kumshika mjukuu?"

"Unaweza, mama. Unawe mikono kwa sabuni kila utokapo chooni, na kabla ya kumgusa au kugusa chakula. Akiugua, mwelezeni daktari wake kwamba nyanya yake aliwahi kuwa na hivi vijidudu."

"Na vilivyomo tumboni mtavitoa lini?"

"Huko hatuna dawa ya kuvifukuza. Vinaweza kukaa miezi mingi bila kukusumbua, kisha aghalabu hupungua vyenyewe. Utakachovisaidia nacho ni kumeza antibiotiki usiyoandikiwa."

"Na hatari kwa mtoto?"

"Ipo, ndogo. Sitakudanganya kwamba haipo."

Nimefikiria mara nyingi jibu lile. Angenidanganya ningefurahi siku mbili. Nilimpigia Mejumaa nikamwambia yote, na lile la hatari ndogo nikalisema kama nilivyoambiwa. Nikamaliza hivi: "Uamuzi ni wako. Sitakulaumu, wala sitakuombaomba."

Nilirudi nyumbani kaskazi inakwisha, nimekonda, natembea nimeshika ukuta. Chumba cha Mejumaa nilikifunga mlango. Kisha nikaanza kazi yangu. Sabuni chooni, sabuni jikoni, sabuni kwenye mtungi wa uani. Taulo yangu mbali. Nikajifunza kunawa upya, mtu mzima mimi, baina ya vidole, chini ya kucha, mgongo wa mkono. Mzee Bakari akawa ananitania mbele ya watu. "Nyumba hii siku hizi mgeni akipiga hodi hunawishwa kwanza, shikamoo baadaye." Lakini yeye mwenyewe alikuwa ananawa, na siku moja nikamkuta anamfokea Salim kwa kupitiliza bila kunawa.

Ramadhani ile moto wa mkojo ulinirudia tena. Nilidhani nimekwisha. Jirani mmoja akaniletea vidonge vilivyobaki vya mwanawe, kwa mapenzi tu, akaniambia nimeze daku nitaamka mzima. Nikamshukuru nikamrudishia. Nikaenda kwenye benchi langu, nikatoa mkojo, nikaondoka bila dawa, nikangoja majibu nikinywa maji usiku mzima na kumwomba Mungu. Zile siku za kungoja ndizo ngumu kuliko zote, ngumu kuliko sindano, kwa sababu mikono yako haina cha kufanya. Ngoja tu. Majibu yalitoka hayana kitu. Maji yalikuwa yamenipungukia kwa saumu, basi. Daktari akanikataza kufunga siku zilizobaki, nikalipa baadaye, siku za baridi.

Mejumaa alijifungua masika, mtoto wa kike, wote salama. Wakampeleka nyumbani Shimoni. Nilikwenda kila Ijumaa. Nikifika naomba maji na sabuni kabla ya kuketi, ninanawa pale barazani kila mtu akiona, kisha nakaa kwenye mkeka wa karibu na mlango. Nilikuwa nimejiapiza: mkono siunyooshi kwa mtoto yule mpaka nipewe. Bi Riziki alimkogesha mbele yangu, vizuri, siwezi kumtoa kosa. Nikatazama visigino vyake vidogo vikipiga maji. Nilimwonea Bi Riziki wivu, nikarudi Msambweni, na Ijumaa iliyofuata nikaenda tena.

Ijumaa moja mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilinawa, nikaketi mahali pangu. Bi Riziki akaleta karai la maji ya vuguvugu, akakunja mikono ya gauni. Mejumaa alikuwa amekaa kitandani na mtoto, macho yamemzama kwa kukosa usingizi, uso wote umepauka.

"Mama," akamwambia Bi Riziki, "leo atakogeshwa na mama yangu."

Bi Riziki akabaki ameinama juu ya karai. "Arobaini haijatoka, mwanangu. Si tulikubaliana nimkogeshe mimi mpaka itoke?"

"Tulikubaliana."

Nikaona afadhali niseme mimi. "Mejumaa, unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Basi tungoje. Mimi sina haraka."

"Mpaka lini? Nikingoja hofu iniishe atakuwa anatambaa." Akaanza kumvua mtoto nguo. "Nilimuuliza daktari wa kliniki, peke yangu. Amesema maneno yale yale uliyonipa wewe, hukupunguza hata lile baya. Njoo umchukue."

Bi Riziki akajifuta mikono, akanisogezea karai kwa mguu, akatoka kwenda kuchochea kuni jikoni.

Nilinawa tena, ijapokuwa nilikuwa nimeshanawa. Nilinawa mpaka vidole vikakunjamana. Nikamchukua kutoka mapajani mwa mama yake, na alikuwa mzito kuliko nilivyomdhania. Nikamwekea mkono wangu wa kushoto chini ya shingo, nikamtia maji kifuani kidogo kidogo, nikimsemesha upuuzi tunaowasemesha watoto, majina ya babu zake, bei ya samaki, lolote. Alilia, akanyamaza, akanikazia macho. Nikamsugua mgongo, mikunjo ya mapaja, nyuma ya masikio. Nikamfunga kwenye leso kavu.

"Haya, mtazame mwanao," nikasema, nikageuka nimwonyeshe.

Mejumaa alikuwa amelala. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, ameegemea ukuta.